H614D, Duma 43 au Katumani: mbegu gani italipa pesa ya mbolea ya kupandia?

Februari ikikaribia kwisha, maduka ya pembejeo ya Nairobi hujaa watu ambao hawaishi shambani. Ni wakulima wa simu: mtu ana kazi Upper Hill au Industrial Area, ana ekari moja au mbili kwao, na anataka mvua ya Machi imkute na mbegu mkononi. Anauliza mbegu nzuri ya mahindi ni ipi, anatajiwa tatu. Anauliza mbolea, anaambiwa DAP, mfuko mmoja kwa ekari. Analipa, mzigo unapakiwa kwenye matatu, anapiga simu nyumbani waupokee stejini.

Hakuna aliyemuuliza kama mbegu ile na mbolea ile zinapatana, wala zinaenda kwenye udongo gani. Kwa jinsi bei ya mbolea ilivyoyumba miaka hii, hapo ndipo hela nyingi humwagika. Mfuko uleule wa DAP unaweza kurudisha magunia kadhaa ukipewa mbegu moja, na ukipewa nyingine, kwenye udongo mwingine, usirudishe hata nauli iliyoupeleka.

Kinachozungumzwa hapa ni kirutubisho kiitwacho fosforasi, ile namba ya katikati kwenye mfuko wa mbolea. DAP ni 18-46-0, na hiyo 46 ndiyo unayoinunua hasa wakati wa kupanda.

Kustahimili na kuitikia

Watu wakisema mbegu fulani "ni nzuri kwa udongo mchovu", huwa wamechanganya sifa mbili. Ya kwanza ni kustahimili: ukiinyima mbegu fosforasi, inakupa nini? Ya pili ni kuitikia: ukiipa, inaongeza nini juu ya hapo? Mbegu inaweza kuwa na sifa zote mbili, ikawa na moja, au ikakosa zote. Ile inayostahimili bila kuitikia ni rafiki wa mtu asiye na hela ya mbolea, lakini mwenye mbolea akiipanda anatupa mbolea. Ile inayoitikia bila kustahimili ni kinyume chake: ukiipa inakutajirisha, ukiinyima inakuaibisha mbele ya majirani.

Tofauti hizi huanzia kwenye mizizi. Nitrojeni huyeyuka na kufuata maji, hivyo mzizi unaweza kuisubiri ije. Fosforasi haiji. Hushikwa na chembe za udongo, na inaposogea husogea milimita chache tu, kwa hiyo mzizi ndio unaoifuata. Mmea wenye mizizi mingi ya juu juu, yenye matawi ya karibu karibu na vinyweleo virefu, hufagia tabaka la juu la udongo ambako fosforasi nyingi imekaa. Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, amefanya kazi ya miaka mingi juu ya jambo hili hasa: namna umbo la mizizi ya mahindi na maharagwe linavyoamua nani atashiba kwenye udongo haba. Kuna pia mizizi inayotoa asidi, kama sitreti, ambayo hulegeza fosforasi iliyoshikwa na kuzuia sumu ya alumini. Na kuna kuvu wanaoishi na mizizi na kuirefushia mkono.

Ubaya ni kwamba hakuna kitu hata kimoja katika hivi kinachoandikwa kwenye pakiti. Wazalishaji wa mbegu wametia nguvu zaidi kwenye ukame, magonjwa na nitrojeni. Mradi mkubwa ambao CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano chenye ofisi Gigiri, waliuanzisha mwaka 2010 pamoja na KARI (leo KALRO), taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, na wengine ili kupata mahindi ya udongo maskini wa Afrika, shabaha yake ilikuwa nitrojeni. Huko Eldoret watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi wameshughulikia mahindi yanayovumilia udongo wenye asidi na alumini, na hao ndio waliokaribia swali letu zaidi. Lakini mtu wa kaunta hatakuambia "hii inaitikia fosforasi". Atakuambia mwinuko na miezi. Bahati nzuri, mwinuko na miezi vinatosha kukadiria mengi.

Wale wa muda mrefu: H614D na H6213

Majina ya kampuni ya Kenya Seed yana mpangilio. H6 ni za nyanda za juu, H5 za mwinuko wa kati, DH za nchi kavu, PH za Pwani. Seed Co wao walichukua wanyama: Duma ndiye mwepesi, anafuata Punda Milia, kisha Simba, na Tembo ndiye anayejikokota.

H614D ni mbegu ya kuanzia mita 1,500 hadi 2,100 hivi, na inakaa shambani miezi sita hadi minane kutegemea baridi. Ndiyo iliyolisha Trans Nzoia na Uasin Gishu kwa miaka mingi, na ukiuliza wazee wa huko kwa nini hawaiachi, watakuambia habari ya unga mzito na gunzi lisilooza haraka kabla hawajataja mavuno. H6213 ni ndugu yake wa baadaye kwa ukanda uleule.

Mbegu hizi zina mambo mawili yanayovutana. Kwa kuwa zinakaa muda mrefu, mizizi yake ina miezi ya kutafuta, kwa hiyo hata bila mbolea hazifi. Utaona shamba la kijani na utadhani mambo ni shwari. Lakini kiwango chake cha juu cha mavuno kiko mbali sana na hapo. Mahindi hubeba takriban kilo 3 za fosforasi katika kila tani ya punje. Ekari ikitoa magunia 25 ya kilo 90, umeondoa shambani kilo 6 hadi 7 za fosforasi kwenye punje peke yake, achilia mbali mabua yaliyoliwa na ng'ombe. Udongo ambao haujaongezwa kitu kwa miaka hauwezi kutoa kiasi hicho kila msimu. Utatoa cha magunia manane, tisa, na wewe utalaumu mbegu.

Kwa hiyo H614D ni ya mtu anayeweza kulisha. Katika makundi yote, hili ndilo ninaloliona lina haki ya kupewa mfuko kamili, na hata zaidi ya mmoja, mradi nitrojeni ya kukuzia ipo. Pasipo CAN, ndiyo mbolea hiyo ya nitrojeni, wakati mahindi yako magotini, fosforasi yote uliyoweka inasubiri mwenzake asiyekuja.

Kitu kingine cha nyanda za juu ni baridi. Udongo ukiwa baridi mizizi hukua polepole na fosforasi husogea polepole zaidi, hivyo miche ya Limuru au Kinangop hugeuka zambarau hata mahali ambapo kipimo kinasema fosforasi ipo. Kiasi kidogo karibu na mbegu huisaidia kuvuka wiki hizo za kwanza. Lakini usitumie rangi hiyo kulinganisha mbegu mbili: kuna mbegu ambazo ni za zambarau kwa kuzaliwa, zina rangi hiyo kwenye shina na kingo za majani hata zikiwa zimeshiba. Dalili ya njaa ya kweli huanzia majani ya chini, ncha na kingo, na mmea wenyewe unakuwa umedumaa.

Wale wa kati: Duma 43, H513, DK8031

Hapa ndipo wengi wa Nairobi na viunga vyake wanapoangukia, kwa sababu mvua zetu ni mbili na hakuna inayotosha miezi saba. Mtu wa Kikuyu, Wangige, Ruai au Thika anahitaji kitu cha miezi minne au mitano.

Katika kundi hili fosforasi ina kazi ambayo watu hawaihesabu: inanunua muda. Mahindi yenye njaa ya fosforasi huchelewa kutoa mbelewele, na ndevu huchelewa hata zaidi. Kwa H614D kuchelewa wiki moja si kitu, mvua bado ipo. Kwa Duma 43 iliyopandwa mvua za vuli za Oktoba, wiki hiyo moja inaweza kufanya ndevu zitoke jua likiwa limeshika. Chavua inakauka, na unavuna gunzi lenye mapengo, mistari imepinda, punje zimekaa upande mmoja tu. Ukitaka kujua kama shamba lako lilikosa fosforasi, menya magunzi kumi ya katikati ya shamba na uyapange chini. Mapengo ya kwenye ncha mara nyingi ni ukame au nitrojeni. Gunzi dogo lililopinda na mistari isiyokamilika lifanye swali la fosforasi liwe la kwanza.

Mbegu ya muda mfupi pia ina mzizi wa muda mfupi. Haina miezi ya kutafuta, kwa hiyo inachopata wiki tano za kwanza ndicho kinachoamua. Ndiyo maana naona mbegu za kati zinaitikia kiasi kidogo kilichowekwa mahali sahihi kuliko kiasi kikubwa kilichotawanywa. Nusu mfuko chini ya mbegu unaweza kuishinda mifuko miwili iliyorushwa kwa mkono juu ya shamba kabla ya kulima.

Kati ya hizi tatu, H513 ningeiweka upande wa Kabete na Kikuyu, mwinuko wa kati wenye mvua ya kuaminika. Duma 43 ni chaguo langu mvua ikiwa ya kubahatisha, kwa sababu inamaliza mapema. DK8031 inapendwa na wanaouza mahindi mabichi na wale wanaosema inakoboka vizuri. Sina ugomvi nao. Kwa habari ya fosforasi pekee, tofauti kati ya hizi tatu ni ndogo kuliko tofauti ya shimo lililowekwa mbolea vizuri na lililowekwa vibaya, na muuzaji akikuambia vingine mwombe akuonyeshe shamba.

Nchi kavu: Katumani na DH04

Katumani Composite si chotara (hybrid). Ni mbegu ya kuchavushana wazi iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, na kwa hiyo unaweza kuchagua magunzi mazuri ya katikati ya shamba ukapanda tena bila kuanguka vibaya. DH04 ni chotara wa ukanda huo huo. Zote zinakomaa karibu miezi mitatu hadi minne.

Wengi huzipanda bila mbolea kabisa, na hesabu inawatetea kidogo. Ekari ya magunia manane hutoa kama kilo 2 za fosforasi kwenye punje. Mfuko wa DAP una kilo 10 za fosforasi halisi, kama tutakavyoona mbele. Ukiuweka wote kwa Katumani kila msimu, umeweka mara tano ya kilichotoka, na mvua ikikatika Mei hutaona hata hizo kilo 2. Udongo ukikauka fosforasi hata zile milimita chache haisogei, kwa hiyo mbolea inalala hapo hapo.

Lakini kutoweka kabisa ni kosa lingine. Fosforasi kidogo mapema huujenga mzizi, na mzizi ndio unaotafuta maji. Robo hadi nusu ya mfuko kwa ekari, ndani ya shimo, pamoja na samadi ya mbuzi kama ipo: huo ndio mpango wa Ukambani wenye akili. Kati ya Katumani na DH04, mwenye hela ya robo mfuko anunue DH04, kwa sababu chotara ana nafasi kubwa ya kuinuka akipewa. Asiye na hela ya mbolea wala ya mbegu mpya kila msimu akae na Katumani bila aibu.

Ile ya kurudia

Kuna kundi la nne ambalo halina pakiti: punje za H614D au Duma zilizovunwa mwaka jana, zikahifadhiwa jikoni juu ya moshi, zikapandwa tena. "Mama, si tununue mpya?" "Na hizi zina shida gani? Baba yenu alipanda hizi hizi." Mazungumzo hayo yamefanyika katika nyumba nyingi. Kizazi cha pili cha chotara hupoteza sehemu nzuri ya mavuno, na shamba linakuwa na mimea ya kila kimo. Kuipa mbolea ya bei ghali ni kuilisha mimea isiyofanana kwa kiasi kinachofanana. Kama fedha zinatosha kitu kimoja tu, mbegu mpya au mfuko wa DAP, kwenye udongo usio mbaya sana nunua mbegu kwanza. Ukiinunua, kwangua ile stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwenye pakiti na utume namba kwa 1393 kabla hujatoka dukani.

Udongo una kura kubwa kuliko mbegu

Chukua Kikuyu na Kamulu. Mbali kidogo tu kwa gari, lakini fosforasi inaishi maisha mawili tofauti.

Upande wa Kabete, Kikuyu na Kangemi ni udongo mwekundu wenye kina, uliojaa chuma. Unavutia macho na unashika maji vizuri, lakini chuma na alumini zake huikamata fosforasi mara tu inapoyeyuka. Ya mfuko wa mwaka huu, mahindi ya mwaka huu huchukua sehemu ndogo tu. Nyingine hubaki na kutoka taratibu misimu inayofuata. Pale Kabete kwenye maabara za KALRO kuna jaribio la mahindi na maharagwe lililoanza 1976 na ambalo limefuatwa kwa miongo kadhaa. Mafunzo yake makubwa ni kwamba shamba lisiloongezwa kitu huchoka, linalopewa mbolea ya dukani peke yake nalo hushuka kadiri miaka inavyokwenda, na linaloshinda ni lile linalopewa mbolea pamoja na samadi. Samadi ina fosforasi kidogo, lakini vitu vyake vya kuoza hukalia zile nafasi za chuma na kuacha fosforasi ya mfuko iende kwenye mzizi.

Kamulu, Joska, Ruai na Embakasi ni udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata viatuni wakati wa mvua. Asidi yake ni kidogo au haipo kabisa, chuma haikamati fosforasi kwa nguvu ile. Tatizo lake ni maji kusimama. Mzizi uliozama maji hauvuti chochote, mmea unageuka njano na zambarau, na mtu anakimbilia kuongeza DAP wakati alichohitaji ni mfereji.

Sasa peleka mbegu Kakamega au Uasin Gishu, ambako udongo mwingi una asidi. Chini ya pH 5.5 (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) alumini huanza kuwa sumu na ncha za mizizi hudumaa. Hapo utaona mbegu mbili zikitofautiana sana, na utasema moja inaitikia fosforasi, kumbe ni kwamba moja inavumilia alumini. Chokaa ya shambani huwapatanisha, na mara nyingi shilingi ya kwanza iende kwenye chokaa kabla ya mfuko wa pili wa DAP. Ikumbukwe DAP yenyewe, nitrojeni yake ya amonia ikigeuka udongoni, huongeza asidi kidogo kila msimu. Unga wa mwamba wa Minjingu kutoka Manyara, Tanzania, huyeyuka vizuri katika udongo wa namna hii. Ukiupeleka Kamulu utakaa kama mchanga.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua mbegu, pima udongo. Ukienda nyumbani chota sehemu kumi au zaidi kwa mwendo wa zigizaga, kina cha jembe, changanya kwenye ndoo safi, rudi na nusu kilo. Epuka palipokuwa na boma au lundo la samadi. Maabara za KALRO ziko Kabete, kando ya Waiyaki Way. Karatasi ikirudi soma mstari wa pH kwanza, halafu fosforasi.

Mfuko una nini ndani

Namba za kwenye mfuko zinahesabu fosforasi ikiwa imefungwa na oksijeni, kwa hiyo fosforasi halisi ni chini ya nusu ya namba hiyo. Kwa mfuko wa kilo 50:

| Mbolea | Nitrojeni (kilo) | Fosforasi halisi (kilo) |
|---|---|---|
| DAP 18-46-0 | 9 | 10 |
| TSP 0-46-0 | hakuna | 10 |
| 23-23-0 | 11.5 | 5 |
| 17-17-17 | 8.5 | 3.7 |

Tazama mstari wa mwisho, kisha rudi kwenye magunia 25 ya H614D yanayoondoa kilo 6 hadi 7. Mtu anayepanda H614D kwa mfuko mmoja wa 17-17-17 anakopa kutoka kwenye udongo kila mwaka. Kwa Katumani ya magunia manane, mfuko huohuo unazidi kinachotoka.

Bei nazo. Mwaka 2022 DAP ya dukani ilipita Sh6,000. Ruzuku ya serikali iliishusha hadi Sh3,500, na 2023 ikashuka tena hadi Sh2,500. Tuseme gunia la kilo 90 linauzwa Sh3,600, yaani Sh40 kwa kilo. Mfuko wa Sh2,500 unalipwa na kilo 63 za ziada. Wa Sh6,500 unahitaji kilo 163, karibu magunia mawili. H614D kwenye udongo wenye njaa itakurudishia hayo mawili na zaidi. Katumani katika msimu wa mvua haba haiwezi kuahidi hata gunia moja. Mbegu inayostahili mfuko kwa bei ya ruzuku si lazima istahili kwa bei ya duka, na ni vizuri uamue ukiwa na bei ya siku hiyo mbele yako.

Kizibo cha soda

Hapa ndipo mipango mizuri hufia. Maagizo mawili hutembea pamoja: mfuko mmoja kwa ekari, na kizibo kimoja cha soda kwa kila shimo. Kizibo kilichojaa sawasawa kina gramu 5 hadi 6. Ukipanda sentimita 75 kwa 30, punje moja kila shimo, una mashimo kama 18,000 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 ukigawanywa humo ni gramu 2.8 kwa shimo, nusu kizibo. Kibarua akifuata kizibo kizima, mfuko unaisha katikati ya shamba, na nusu iliyobaki inapandwa kavu. Baadaye unapita pale Julai unaona upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, unasema mbegu ilichanganywa.

Kizibo kizima na mfuko mmoja vinakubaliana ukipanda 75 kwa 60, punje mbili kila shimo. Hapo mashimo ni kama 9,000. Amua nafasi kwanza, kisha mwambie kibarua kizibo au nusu kizibo. Mbolea itangulie, ifunikwe na udongo kidogo, ndipo mbegu. DAP ikigusa punje huichoma, na mbegu za gharama hazichipui.

Jaribu mwenyewe, lakini kwa haki

Njia ya uhakika ya kujua mbegu gani inaitikia kwako ni kuzipanda bega kwa bega. Mbegu mbili, kila moja yenye fosforasi na isiyo na fosforasi, vipande vinne vya mistari michache, mahali pasipo na mteremko wala kivuli cha mgrevilea. Ukitumia DAP kwenye kipande kimoja na usiweke kitu kwenye kingine, unachopima ni fosforasi pamoja na kilo 9 za nitrojeni kwa kila mfuko, na nitrojeni hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyofanya kazi yote. Tumia TSP, isiyo na nitrojeni, kwa vipande vya fosforasi, halafu CAN sawa kwa vipande vyote vinne. Vuna mistari ya katikati pekee, kausha, pima kwa mizani. Mtu wa nyumbani asikutumie picha tu; picha zinapenda mimea mirefu, na urefu si uzito.

Na kabla hujahukumu mbegu, hakikisha mfuko ulikuwa mbolea kweli. Sakata la mbolea feki la 2024 liliwafunza wengi kuhifadhi risiti na kubakiza kiganja cha mbolea kwenye chupa iliyofungwa.

Basi uchukue ipi?

Una ekari Kitale au Moiben, udongo umepimwa, mvua ndefu: H614D au H6213, DAP mfuko kamili, chokaa kama pH imeshuka, na usibane kwenye CAN. Ukiwa na hela ya nusu mfuko tu, panda nusu ya eneo kwa kipimo kamili na nusu nyingine weka maharagwe, badala ya kutandaza umaskini ekari nzima.

Uko Kikuyu au Wangige: H513, mbolea ndani ya shimo pamoja na samadi, kila msimu kwa kiasi cha wastani. Udongo mwekundu hulipa subira, kwa hiyo mwenye shamba lake mwenyewe anaweza kuwekeza. Fosforasi iliyoshikwa mwaka huu ni akiba yake.

Machakos na Makueni: DH04 na robo au nusu mfuko, na uangalie utabiri kabla ya kununua.

Kisha kuna wale wanaokodi vipande Kamulu na Joska kwa msimu mmoja mmoja. Kwao akiba ya fosforasi ni ya mpangaji ajaye, hivyo hawana sababu ya kujaza mfuko mzima. Duma 43, nusu mfuko ndani ya mashimo, mfereji kabla ya mvua. Na kabla hujalipa kodi, muulize mwenye shamba waliotangulia walilima nini. Pakiwa palikuwa na nyanya au sukuma wiki za kuuza sokoni, zilizolishwa DAP mfululizo, uwezekano ni mkubwa kwamba fosforasi bado imelala mle, na mbegu yoyote utakayopanda haitaonyesha tofauti. Hapo okoa pesa ya DAP, nunua CAN.